Sabini na Nane kwa Mia

Ng'ambo ya barabara, hapa Machomanne,
palipokuwa duka la mabati,
mtoto wa Faki Shaame kafungua gereji ya vioo.
Bango lake linasema NAITROJENI,
na chini yake, kwa herufi ndogo: si upepo.

Si upepo.
Nikakaa juu ya ringi la lori
nikausoma tena ule mstari mpaka chai ikapoa.

Miaka kumi na tisa mie natia upepo.
Wakija hawasemi hewa. Wanasema,
"Rehani, hebu n'tilie upepo,"
kana kwamba kaskazi imo bandani mwangu,
imefungwa kamba, naikata kwa kipande.

Kwake mpira mmoja elfu tano.
Kwangu mia tano, na ukiwa na mgonjwa garini, bure.
Lakini kila atokaye kwake hutoka na vifuniko vinne vya kijani,
vidogo kama choroko,
na mwenye gari huizunguka mara mbili kabla ya kuwasha,
kama aliyemvisha mwari hereni.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Skuli sikufika mbali.
Ila Mwalimu Bikombo alichora duara ubaoni,
akalikata kama mkate:
"Mia ya hewa, sabini na nane ni naitrojeni.
Ishirini na moja, oksijeni.
Kilichobaki ni vikorokoro, hamtaulizwa."
Likanijia hilo spana i mkononi,
nikacheka peke yangu
hata Shekha, kijana wangu wa kazi, akadhani nimejikata.
Kumbe nami muuza naitrojeni!
Sabini na nane kwa mia, miaka yote hiyo,
na ishirini na mbili nyongeza, sikuitoza.

Nikavuka kumwambia.
Hakukasirika, kijana ana adabu.
Akanionesha: huku hewa inaingia, huku inachujwa,
naitrojeni yaenda mtungini,
haivuji upesi, haina unyevu, haili ringi.
"Na oksijeni?"
"Hiyo tunaitupa, mzee. Ndiyo inayochakaza mpira."
Nyuma ya ukuta palikuwa na kibomba
kikitema sss
juu ya kuku wa jirani.

Nikasimama pale.

Mwaka juzi, kumi la mwisho la Ramadhani,
Kazija alilazwa, mtungi mmoja kwa vitanda viwili,
muuguzi akiitazama saa ya mtungi
kama mie ninavyoitazama geji.
Na mie, fundi wa upepo,
nahesabu pumzi za mke wangu
sina pa kuunga bomba.

Sasa anatembea, alhamdulillahi.
Anagomba. Anasema nanuka mpira.

Juzi baada ya Isha, gereji ya vioo imefungwa,
ikaja Noah nyeusi ikichechemea kutoka Wete,
vifuniko vya kijani vinne,
mpira wa nyuma kushoto umelala kama chapati.
Msumari. Misumari haisomi mabango.
Nikaung'oa, nikaziba, nikashika bomba.
Dereva akanidaka mkono:
"Mzee, humo mna naitrojeni!
Ukichanganya na upepo haviharibikiani?"
"Watajuana," nikamwambia.
"Walikuwa pamoja kabla yako na mie."

Nikawasha kompresa. Ikakohoa, ikatulia.
Geji ikapanda mpaka thelathini na mbili.
Kifuniko chake nikakipangusa kwa kanzu,
nikakikaza kwa vidole viwili, polepole,
kisirudi kwao na taka zangu.

Akatoa noti ya elfu kumi. Sina chenji.
"Nenda," nikamwambia, "utanipa ukirudi kuongeza."

Hajarudi.
Mpira, naona, umeshika.